Kazi Ndogo za Kijana Kiongozi

Kitabu cha kwanza cha Samweli chaeleza habari ya mtoto aliyelala hekaluni, karibu na Sanduku la Agano. Usiku ule Mwenyezi Mungu alimwita kwa jina, naye mara tatu akaondoka mbio kwenda kwa kuhani Eli, akidhani kwamba mzee ndiye anayemwita. Habari hii yajulikana na kila mtoto wa katekisimu. Lakini wengi, wakifika pale Mungu anapomaliza kusema, hufunga kitabu, wasisome kilichotokea kulipokucha. Samweli alikuwa amepewa ujumbe mzito kuliko kifua chake: nyumba ya Eli, mlezi wake mwenyewe, itahukumiwa. Alikaa kitandani mpaka asubuhi. Kisha akaondoka, akaenda kuifungua milango ya nyumba ya Bwana.

Ndiye nabii mpya wa Israeli, na kazi yake ya kwanza baada ya kuitwa ni kufungua milango. Hakuna aliyempigia makofi. Ilikuwa zamu yake, basi.

Kijana Mkristu anayeanza kuwaongoza wenzake katika parokia yafaa aanze kwa milango hiyo.

Daftari na kopo

Katika parokia za Bukavu, tangu Ibanda hata Kadutu na Bagira, mambo huweza kuanza hivi. Kijana wa miaka 16 au 17 amekwisha kupata Kipaimara. Amekuwa mwimbaji, au mtumishi wa altare, au mmoja wa wale wanaokaa nyuma katika mkutano wa vijana na kuchekeshana. Jumapili moja, Misa ikiisha, paroko au mlezi wa vijana anamwita kando. Kijana anatazamia kupewa filimbi na kitambaa cha shingoni, asimame mbele ya watoto mia na kuwapanga mistari. Badala yake anakabidhiwa daftari lenye jalada lililochanika, na kopo la maziwa lililotobolewa kifuniko. Daftari ni la majina ya watoto. Kopo ni la mchango, faranga chache kila wiki, ili mwenzao mmoja akiugua apelekewe sukari na sabuni.

Kijana anarudi nyumbani amevunjika moyo kidogo. Alidhani ameitwa kuongoza, kumbe ameitwa kuandika.

Juma la kwanza anaandika tu: yupo, hayupo, yupo. Juma la tatu anaona kwamba jina moja limekosa mara tatu mfululizo. Hapo daftari linaanza kumfundisha. Hana budi kupanda kilima cha Kadutu baada ya mvua, kwenye njia zile za udongo ambazo mtu hupanda kwa kushika ukuta wa jirani, akiuliza nyumba ya fulani ni ipi. Akifika, anamkuta mtoto amekaa mlangoni na sinia la ndizi, anauza, kwa sababu baba yake yu mgonjwa na nyumba haina mwingine wa kutoka. Kijana hakuja na hotuba. Anakaa kidogo, anamwuliza mgonjwa hali, anamwombea pamoja na watu wa nyumba, anaondoka. Jioni anamweleza mlezi. Jumapili ifuatayo kopo linafunguliwa, na watoto wenyewe wanapeleka sabuni na sukari.

Tangu siku hiyo kijana huyo anajua jambo ambalo semina nzima isingaliweza kumwambia, yaani kwamba mchungaji hupata habari ya kondoo kwa kuhesabu. Yule wa Injili asingalijua kwamba mmoja amepotea kama asingalikuwa amezoea kuwahesabu wote 100.

Mji wa Bukavu una historia ya pekee katika jambo hili. Mwaka 1952, mji ulipokuwa ungali ukiitwa Costermansville, Padri Georges Defour wa Wamisionari wa Afrika, wale waitwao Mapadri Weupe, alianzisha hapa chama cha vijana cha Xaveri, kwa heshima ya Mtakatifu Fransisko Ksaveri. (Kisichanganywe na Wamisionari Wasaveri wa Parma, nchini Italia, ambao nao wamefanya kazi nyingi Kivu, wote wana msimamizi mmoja mbinguni, lakini ni watu wengine.) Chama kilivuka mto Ruzizi, kikaenea Rwanda na Burundi. Miaka 13 baada ya kuanzishwa kwake, tarehe 18 Novemba 1965, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati yake juu ya utume wa walei, nayo yasema wazi kwamba mitume wa kwanza wa vijana wawe vijana wenyewe. Mzee aweza kumfundisha kijana. Lakini kijana aliyekata tamaa humsikiliza upesi zaidi mwenziwe anayekaa mtaa mmoja naye, anayejua bei ya unga na woga wa usiku.

Uma wa watoto wa Eli

Hata hivyo kuna hatari katika hatua hizi za kwanza, na kuificha si kuwapenda vijana. Kiburi hutajwa mara nyingi, na uvivu pia. Kile kinachotajwa kwa haya ni fedha.

Yule Samweli aliyefungua milango hakuwa kijana wa pekee hekaluni. Walikuwapo Hofni na Pinehasi, wana wa Eli, nao walikuwa makuhani. Sura ya 2 ya kitabu kile kile yaonyesha dhambi yao ilivyoendelea. Watu walipokuwa wakipika nyama ya sadaka, mtumishi wa kuhani alikuja na uma wenye meno matatu, akauchoma ndani ya chungu. Chochote kilichoinuka nao kikawa cha kuhani. Baadaye hawakungoja hata nyama iive, wakaitaka mbichi. Mwisho wakatisha kuitwaa kwa nguvu. Chungu, kisha nyama mbichi, kisha nguvu: watu hawa hawakuamka siku moja wakiwa wanyang'anyi.

Kopo la maziwa lina uma wake. Siku ya Jumatano kijana hana nauli, au simu yake imekwisha vocha, na kopo liko chini ya kitanda. Haibi, anakopa. Atarudisha Jumamosi, baba akipata. Na pengine kweli anarudisha, mara ya kwanza. Lakini yafaa aulizwe: amekopa kwa nani? Amekopa kwa watoto wa miaka 9, ambao hawakuulizwa, na ambao wasingalijua kumkatalia. Mara ya pili anakopa zaidi kidogo, na mara ya nne anaanza kuandika katika daftari tarakimu isiyo ya kweli, ili kopo na daftari vipatane. Sasa ana siri. Na kiongozi mwenye siri huanza kuwaogopa watu wake. Huwakaripia watoto wanaouliza, hukasirika mlezi anapotaka kuona hesabu, husema haaminiwi.

Hapa wakubwa nao wana kosa. Kumwachia kijana maskini fedha peke yake, bila kuzihesabu mwezi hata mwezi, kisha kumfukuza mbele ya watu siku zinapopungua, ni kumtegea mtego na kumlaumu kwa kunaswa. Dawa ni nyepesi. Fedha zihesabiwe na watu wawili, mbele ya watoto. Tarakimu iandikwe siku ile ile. Jumla isomwe kwa sauti kila mwisho wa mwezi. Wala kopo lisilale katika nyumba ya mtu mwenye njaa ikiwa parokia ina kabati lenye kufuli. Kuhesabu namna hiyo si kumtilia mtu shaka. Ni kumsaidia abaki mwaminifu, kama vile fimbo inavyousaidia mti mchanga kusimama wima. Samaki mkunje angali mbichi.

Wako watakaosema kwamba haya ni mambo madogo mno kwa nchi iliyoona vita na wizi wa mabilioni. Ndiyo sababu yafaa kuvuka ziwa, kutazama maisha ya kijana mmoja ambaye Eklezia imemtangaza Mwenyeheri.

Ng'ambo ya ziwa

Anayepanda meli Bukavu na kulifuata Ziwa Kivu kuelekea kaskazini hufika Goma, chini ya Nyiragongo, mlima wa moto. Huko alizaliwa Floribert Bwana Chui bin Kositi, tarehe 13 Juni 1981. Ujana wake ulikuwa ule wa rika lake lote katika Kivu: wakimbizi wa mwaka 1994, vita vya 1996, vita vingine vya 1998, na katika Januari 2002 moto wa Nyiragongo ulioshuka hata ndani ya mji na kuyateketeza makao ya maelfu ya watu. Katikati ya hayo yote kijana huyu alisoma, akaingia chuo kikuu, akajifunza sheria.

Alipokuwa mwanafunzi alijiunga na Jumuiya ya Sant'Egidio. Jumuiya hiyo nayo ni tunda la vijana; ilianzishwa Roma mwaka 1968 na Andrea Riccardi, ambaye wakati huo alikuwa mwanafunzi wa sekondari mwenye miaka 18. Wanafunzi wale walikuwa wakikutana kusoma Injili, kisha wakaenda pembeni mwa mji, katika vibanda vya maskini, kuwafundisha watoto. Desturi hiyo ya kusali, kisha kumwendea maskini, ndiyo iliyofika hata Goma.

Na Goma ilikuwa na watoto wengi waliolala nje, wale ambao watu wa Kivu huwaita maibobo. Wengine walipoteza wazazi vitani. Wengine walifukuzwa nyumbani wakisingiziwa uchawi, jambo ambalo, kwa aibu ya miji yetu, halijakwisha. Mpita njia hushika mfuko wake anapowaona. Floribert aliwajua kwa majina. Alishiriki katika Shule ya Amani, ambamo vijana wa jumuiya waliwakusanya watoto, wakawafundisha, wakala pamoja nao. Na mmoja wa watoto wale alimsaidia kurudi shuleni.

Hapa msomaji kijana asipite upesi. Kazi ya namna hiyo haina utukufu. Mtoto wa barabarani hudanganya, hutoroka, huja leo na kukosa kesho, huvaa shati alilopewa na kulibadilisha kwa gundi ya kuvuta. Anayekwenda kwake kwa ajili ya kushukuriwa atachoka kabla ya mwezi kuandama. Anayebaki hujifunza kitu kimoja polepole: kwamba yule mchafu mwenye njaa, ambaye mji mzima humwona kama takataka, ni mtu, ana jina, na chakula anachokula chaweza kumponya au kumwua. Elimu hiyo ndiyo Floribert aliyoingia nayo kazini.

Alipomaliza masomo alipata kazi katika Ofisi ya Kongo ya Ukaguzi, iitwayo kwa kifupi OCC. Alizoezwa kwanza Kinshasa, kisha mwaka 2007 akaja Goma, akawekwa kukagua bidhaa zilizoharibika. Goma imepakana na Gisenyi ya Rwanda. Watu na mizigo huvuka hapo mchana kutwa. Mkaguzi wa mpakani kwa kweli ni bawabu: asemapo ndiyo, gunia laingia sokoni na jioni liko chunguni; asemapo hapana, mtu fulani amepata hasara.

Ikafika shehena ya mchele ulioharibika. Floribert hakukubali upite. Wenye mali wakampa fedha, akakataa. Wakaongeza, akakataa tena. Wakaja watu wenye vyeo kumsihi na kumsonga alegeze. Hakulegea. Alimwendea mtawa mmoja, rafiki yake, aliyekuwa daktari, akamweleza jambo lile na kumwuliza juu ya hatari ya chakula cha namna ile. Maneno yake kwa rafiki huyo yamehifadhiwa na jumuiya yake, na maana yake ni hii: fedha zile zingekwisha upesi, lakini wale watakaokula, watakuwaje? Yeye anaishi katika Kristu, au sivyo? Kama anaishi katika Kristu, hawezi kuzipokea.

Aone msomaji kwamba hakuanza kwa kuuliza sheria yasemaje, ingawa alikuwa mwanasheria. Alianza kwa kuuliza nani atakula. Na kwa nini aliweza kuuliza hivyo, pale ambapo wengine wengi huuliza ni kiasi gani? Kwa sababu alikuwa amekwisha kula pamoja na walaji wenyewe. Mchele ule haungaliwafikia matajiri wa Goma, maana tajiri huchagua. Ungaliuzwa kwa bei ya chini, nao ungalinunuliwa na mama asiye na fedha, na makombo yake yangaliokotwa na maibobo. Alipotazama magunia yale aliona nyuso.

Nabii Amosi, katika sura ya 8, aliwakemea wafanya biashara wa Israeli waliongoja kwa hamu sikukuu iishe ili wauze nafaka, wakipunguza kipimo na kumwuzia maskini hata takataka za ngano. Miaka zaidi ya 2700 imepita tangu hapo. Biashara ile haijafungwa.

Tarehe 7 Julai 2007 Floribert alitekwa mjini Goma. Maiti yake ilionekana siku ya 9, nayo ilikuwa na alama za mateso. Alikuwa na miaka 26.

Je, mtu aweza kuwa shahidi kwa ajili ya mchele?

Katika mikutano ya vijana swali hili huulizwa, na ni swali zuri. Mwenyeheri Anuarite Nengapeta, aliyeuawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964, alilinda nadhiri yake ya utawa. Isidori Bakanja, aliyekufa mwaka 1909, alipigwa kwa sababu ya skapulari ya Bikira Maria na sala zake. Lakini Floribert hakuambiwa amkane Yezu Kristu. Aliambiwa tu atie sahihi.

Mtakatifu Toma wa Akwino alikwisha kulijibu jambo hili katika karne ya 13. Alimtaja Mtakatifu Yohane Mbatizaji, ambaye Eklezia humheshimu kama shahidi, ingawa Herode hakumtaka aikane imani. Alikatwa kichwa kwa kuwa alikemea uzinzi wa mfalme. Kila tendo jema, asema Toma, likitendwa kwa ajili ya Mungu ni ungamo la imani, na kwa hiyo laweza kuwa sababu ya ushahidi. Aliyekataa kuwalisha maskini chakula kibovu kwa sababu yu wa Kristu ameungama imani kwa kalamu asiyoitumia.

Ndivyo Eklezia ilivyopima. Papa Fransisko, alipokutana na vijana na makatekista katika Uwanja wa Mashahidi, Kinshasa, tarehe 2 Februari 2023, aliwawekea mbele kijana huyu wa Goma, akawataka wakatae rushwa kwa sauti moja. Tarehe 25 Novemba 2024 alikubali itangazwe kwamba Floribert aliuawa kwa chuki dhidi ya imani. Miezi michache baadaye vita vikarudi kwa nguvu. Goma ikatwaliwa na M23 mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu katika Februari. Tarehe 15 Juni 2025, wakati Kivu ikiwa katika majonzi hayo, Kardinali Marcello Semeraro alimtangaza Mwenyeheri katika Basilika la Mtakatifu Paulo nje ya Kuta, Roma. Sikukuu yake ni tarehe 8 Julai.

Ushujaa haukuanguka kutoka mbinguni

Wako wahubiri wanaosema habari za mashahidi kana kwamba ujasiri uliwashukia dakika ya mwisho, kama umeme. Hotuba hizo husisimua, lakini humwacha kijana mikono mitupu. Hurudi nyumbani akijiambia kwamba yeye si mtu wa namna hiyo, basi aishi kama wengine. Neema ya Mungu ni ya lazima, na hakuna aliye shahidi kwa nguvu zake. Lakini neema hupenda kujenga juu ya mazoea. Yule aliyekataa dola mpakani alikuwa amekwisha kukataa mambo mengi madogo ambayo hakuna aliyeyaandika. Na yule aliyejiuliza nani atakula alikuwa amejizoeza kuuliza hivyo jumuiyani, na katika Shule ya Amani, juma baada ya juma.

Na kinyume chake ni kweli. Kijana aliyekopa katika kopo la watoto akiwa na miaka 17, siku moja atapewa kalamu ya mpakani, au muhuri wa ofisi, au funguo za dawa katika hospitali. Mkono utakuwa ule ule.

Lisikosewe tena hili: Floribert hakutafuta kifo, wala hakumtukana mtu. Alifanya kazi aliyolipwa kwa kuifanya. Alitafuta shauri kwa mtu mwenye imani na ujuzi, hakubeba jambo peke yake. Kijana anayeanza utume na ashike hilo pia. Akitishwa au akitiwa majaribuni, na amwambie mlezi, au padri, au rafiki mmoja mwaminifu, mapema, kabla siri haijawa nzito. Si kila mzigo umepasa kubebwa na mabega ya miaka 17, na mlezi anayemtuma mtoto mbele ya hatari ili yeye abaki salama ni mchungaji wa mshahara.

Bukavu yenyewe haikosi kielelezo cha mchungaji wa namna nyingine. Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa, Myezuiti, alipoona vita vinaukaribia mji wake aliendelea kusema kwa ajili ya wakimbizi na ya watu wake, akabaki nao. Akauawa mjini tarehe 29 Oktoba 1996. Vijana wa leo hawakumwona. Wazee wao walimwona, na yafaa waulizwe wangali hai.

Lakini kwa Jumapili ijayo kazi ni ile ya daftari. Watoto wafike wakute mlango umefunguliwa saa iliyotajwa, si nusu saa baadaye. Wimbo uwe umechaguliwa. Mkutano uishe mapema, wasichana wafike nyumbani kabla ya giza, kwa kuwa njia za jioni si salama. Kiongozi awe wa mwisho kuondoka. Na baada ya mwaka mmoja au miwili amtafute mwenziwe mdogo, amfundishe kuandika majina na kuhesabu fedha, kisha amkabidhi. Kung'ang'ania daftari ni namna nyingine ya uma ule wa meno matatu.

Ya kuzungumza kikundini

Kikundi kisome kwanza sura ya 2 na ya 3 za kitabu cha kwanza cha Samweli, polepole, kwa zamu. Samweli alikuwa na nini mkononi asubuhi ile, na mtumishi wa Hofni alikuwa na nini? Katika parokia hii, vitu vya namna mbili hizo ni vipi?

Floribert aliuliza nani atakula. Mwuguzi, dereva wa pikipiki, mwalimu, muuza mafuta ya kupikia, kila mmoja ageuze swali lile lipate kufaa kazi yake; aulize nini?

Fedha za kikundi zinahesabiwa na nani, lini, mbele ya nani? Ikiwa hakuna awezaye kujibu mara moja, mkutano huu usiishe kabla jibu halijapatikana.

Mwisho daftari lifunguliwe. Lisomwe jina la mtoto aliyekosa mara tatu, na wawili wachaguliwe kwenda kwao kabla ya Jumapili.